Sema Hunijui

"Usinisalimie!"

"Ati?"

"Nimesema usinisalimie. Chota maji yako upite. Na usinitazame hivyo, Odoyo, watu watatuona."

Odoyo akageuka kushoto, akageuka kulia. Ufukwe mzima ulikuwa na mbuzi watatu, omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa juani, na mashua moja iliyopinduliwa ikisubiri fundi.

"Watu gani? Hawa mbuzi?"

Nyanchera hakucheka. Alikuwa ameshika kona ya leso yake na vidole vilikuwa vinafunga fundo, vinafungua, vinafunga tena. Odoyo aliijua hiyo tabia. Miaka miwili ya kupendana na mtu inakufundisha mambo, na yeye alijua kwamba mchumba wake akifunga fundo kwenye leso, moyo wake uko kwenye koo.

"Niambie basi, kuna nini?"

"Tata atatuma esigani."

Sasa wewe usiyetoka Kisii usiniulize esigani ni mnyama gani. Ni mtu. Ni yule anayetumwa kwenda kulichunguza boma la mchumba kabla wazee hawajakaa. Anaangalia mnavyosalimiana, mnavyomfukuza mbwa, choo chenu kiko wapi, majirani wananong'ona nini. Akirudi anasema neno lake, na kwa Mzee Makori wa Nyamira, baba yake Nyanchera, ndiye huyo Tata, neno hilo huwa ni moja. Likiwa ndiyo, karibuni mle. Likiwa hapana, hata ulie machozi ya damu, mzee haulizi mara ya pili.

"Si ni vizuri? Aje aone," Odoyo akasema. "Kwetu hatuna kitu cha kuficha. Mama amepaka hata choo chokaa."

"Huelewi. Esigani akifika akute tunatembea pamoja huku ziwani, atarudi aseme binti wa Makori amejipeleka mwenyewe. Kwetu hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Nasikia atakuja Mzee Ogeto, yule mwenye kofia ya manyoya. Anaweza kuwa hapa hata kesho."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi ndiye mbaya zaidi! Anaongea na Tata kwa simu kila jioni. Kwa hivyo sikiza. Mtu yeyote akikuuliza, sema hunijui."

"Nyanchera, mimi si mzuri wa kudanganya."

"Ni wiki mbili tu. Likizo ikiisha narudi Kenyenya kwa wanafunzi wangu, wewe unarudi dukani kwako Kisii. Niahidi."

"Hadi lini?"

"Hadi mimi mwenyewe nikuruhusu. Niahidi, Odoyo. Tafadhali."

Akavitazama vile vidole. Fundo lilikuwa limekazwa mpaka kitambaa kimejikunja.

"Sawa. Nimeahidi. Sikujui."

Akachota maji yake akapita, na Nyanchera akabaki ameshika leso akijiambia kwamba sasa mambo yatakuwa sawa. Maskini.

---

Shangazi Tryphosa alikuwa ameolewa katika kijiji hicho cha ziwani zaidi ya miaka thelathini. Mume alikuwa ameshafariki, watoto wako kazini, na majirani walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, hata baada ya miaka yote hiyo. Mwanamke mrefu, Msabato wa kweli kweli, macho yamepungua nguvu lakini masikio yako palepale. Yeye ndiye aliyempigia Nyanchera simu mwezi wa saba: "Likizo ya Agosti njoo upumzike kwangu, mwanangu. Huku ni kimya, utalala hadi uchoke." Nyanchera akaona Mungu amemfungulia mlango. Kijiji cha shangazi ndicho kijiji cha kina Odoyo!

Kupumzika? Hakupumzika hata dakika moja. Kila pikipiki iliyonguruma barabarani, alichungulia kama ina mzee mwenye kofia ya manyoya. Kila jioni shangazi alitoka na simu yake hadi nyuma ya zizi, akaongea Ekegusii, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na Nyanchera akabaki jikoni ameshika mwiko hewani.

"Ulikuwa unaongea na nani, shangazi?"

"Na kaka yangu. Kwani sina kaka?"

"Amesemaje?"

"Amesema chai inachumwa vizuri. Geuza ugali, unaungua."

Siku ya tano walikuwa wameketi nje wakichambua mboga, Odoyo akapita na karatasi za mabati begani. Alikuwa anamrekebishia mama yake, Eucabeth, paa. Akatazama mbele kama askari wa gwaride.

"Yule kijana ni mrefu," shangazi akasema.

"Nani?"

"Si huyo amepita. Unamjua?"

"Mimi? Simjui, shangazi."

"Hm," shangazi akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Usiku ujumbe ukaingia: "Umeniona nilivyopita? Hata shingo sikugeuza. Naumwa shingo sasa."

Akajibu chini ya blanketi: "Vizuri sana. Endelea hivyo hivyo. Bado Ogeto hajafika. Naogopa."

"Mimi naogopa zaidi hii michezo."

"Uliahidi."

"Niliahidi."

---

Ijumaa ya wiki ya pili, Odoyo alifanya jambo ambalo hulifanya kila akienda kwao. Aliweka meza kwenye baraza la kanisa, akatundika ule ubao wa herufi, akaanza kupima wazee macho. Ndiyo kazi yake. Huyo ni fundi wa miwani, amesomea, na wazee wa kijiji walimpenda kwa hilo.

"Nipeleke," shangazi Tryphosa akasema. "Biblia yangu siku hizi naisoma kwa kukisia."

"Leo, shangazi? Kuna jua kali..."

"Nipeleke, nimesema."

Wakaenda. Odoyo alipoinua kichwa na kuwaona wawili hao wanakuja wameshikana mikono, kalamu ikamdondoka. Akaiokota, akakohoa, akavaa uso wa mtu asiyejua kitu.

"Karibu mama. Kaa hapa. Hii fremu ni nzito kidogo, vumilia."

Akambadilishia lenzi moja, ya pili, ya tatu. Shangazi akasoma herufi za juu, za kati, halafu zile ndogo kabisa za chini.

"Heee! Kumbe kuna herufi huko chini!"

"Ziko, mama," Odoyo akacheka.

"Kijana, wewe si ni wa Eucabeth?"

"Ndiyo, mama."

"Na unafanya kazi Kisii?"

"Ndiyo, nina kaduka karibu na soko."

"Huyu binti wa kaka yangu anafundisha Kenyenya. Kisii yuko kila wiki. Hamjawahi kukutana?"

Nyanchera akakamata kona ya leso.

"Hapana, mama," Odoyo akasema. "Kisii ni kubwa."

"Hebu mtazame vizuri."

Odoyo akageuka, akamtazama. Jamani, alimtazama kama mtu anayetazama ukuta.

"Huyu? Sijawahi kumwona."

"Hata njiani?"

"Hata njiani."

"Wiki mbili yuko hapa kijijini, na kijiji chenyewe unaweza kukimaliza kwa hatua mia."

"Mimi huwa sishiki sura za wasichana, mama." Na kama hiyo haikutosha, akafungua daftari lake. "Dada, na wewe unataka kupimwa? Unaitwa nani?"

"Nyanchera," akajibu kwa sauti ya mbu.

"Unaandikwaje?"

Unaandikwaje! Mtu ambaye jina hilo liko kwenye simu yake na maua matatu pembeni!

Shangazi Tryphosa akaivua ile fremu taratibu, akaiweka mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini nani aliuangalia? Wale wawili walikuwa wanajipongeza kimoyomoyo.

"Miwani yangu itakuwa tayari lini?"

"Narudi Kisii leo hii nikaitengeneze. Jumapili unaipata."

"Jumapili niko kwa kaka yangu Nyamira."

"Basi nitakuletea huko huko, mama. Ni karibu na mimi. Nielekeze tu."

Nyanchera akamkodolea macho. Huko huko wapi, wewe mwanamume?

"Ukifika kituo cha chai," shangazi akasema polepole, "uliza kwa Makori."

Na Odoyo akaandika "Makori" kwenye daftari, kwa bidii, kama jina alilolisikia mara ya kwanza maishani.

---

Walipofika nyumbani shangazi akapitiliza nyuma ya zizi na simu yake. Haikuchukua hata dakika mbili. Jua lilikuwa linashuka na Sabato ilikuwa karibu kuingia, na katika nyumba hiyo Sabato ikiingia simu zote hulala kabatini, moto hauwashwi, na mambo ya dunia hayaongelewi mpaka Jumamosi jua lizame.

Nyanchera alikuwa anafunika chakula cha kesho aliposikia simu yake inatetemeka. Ni mama yake, Bitutu. Ujumbe wenyewe huu hapa:

"Nyanchera, Ogeto hajatumwa popote. Esigani ni shangazi yako. Tata yako alimtuma tangu mwezi wa saba, ndio maana akakualika awaone nyote wawili. Amepiga simu sasa hivi. Amesema HAPANA. Amesema kijana ni mwongo. Tata yako amekaa kimya. Mmefanya nini mwanangu?"

Akausoma. Akausoma tena. Herufi zikaanza kucheza.

Esigani alikuwa anakula naye ugali siku kumi na mbili!

"Shangazi..."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mkono umenyooshwa.

"Simu."

"Shangazi, naomba kwanza nikuambie..."

"Jua limezama. Lete simu."

"Ni jambo moja tu, shangazi. Ni kuhusu yule kijana..."

"Nyanchera. Mambo ya posa na wanaume ni ya kesho jua likizama. Simu."

Akampa. Kabati likafungwa, ufunguo ukaingia kifuani kwa shangazi, na wimbo wa kufungua Sabato ukaanza.

Umewahi kusubiri jua lizame, wewe? Usiombe. Usiku ule hakulala. Asubuhi kanisani waliimba, yeye akafungua kinywa tu. Mchana chakula baridi kikamkwama. Kila akimtazama shangazi, aliona mwanamke ametulia, amefunika Biblia mapajani, anamsubiri Bwana wake. Na yeye anasubiri jua. Saa nane. Saa tisa. Saa tisa na robo. Alihesabu mafundo kwenye leso: lilikuwa moja, yakawa mawili.

Jua likazama.

"Shangazi, sasa naweza kusema?"

"Sema."

"Anajua mimi ni nani."

"Najua anajua," shangazi akasema. "Kaka yangu aliniambia jina lake, la mama yake, hata jinsi mlivyokutana ulipopeleka wanafunzi wapimwe macho. Nilitaka nione atasema nini nikimuuliza. Nikamuuliza mara moja, akakana. Mara ya pili, akakana. Petro alimkana Bwana mara tatu na akalia. Huyu wako amekana mara nne halafu akaomba aandikiwe jina."

"Mimi ndiye nilimwambia akane! Nilimwapisha! Nilidhani esigani ni Ogeto, niliogopa tukionekana pamoja Tata atasema nimejipeleka. Yeye hakutaka, shangazi. Nilimlazimisha mimi."

Shangazi akavuta kigoda akakaa karibu.

"Unajua mimi nilikujaje hapa?"

"Uliolewa."

"Nilitoroka. Hakuna aliyetumwa kuniangalia hili boma. Nilimwuliza marehemu, 'Una mke?' Akasema sina. Nikamwuliza, 'Na yule wa kule kwenu ninayesikia habari zake?' Akanitazama machoni akasema, 'Yule? Sijawahi kumwona.' Maneno hayo hayo, Nyanchera. Sauti laini hiyo hiyo. Nikafika hapa na sanduku kichwani, nikamkuta huyo 'yule' jikoni anasonga ugali. Akaniuliza, 'Wewe ni nani?'"

Nyanchera akamshika mkono.

"Niliishi hivyo miaka mingi. Jana yule kijana alipofungua kinywa nilirudi pale jikoni, nimesimama na sanduku langu. Singeweza kukuacha uingie mlango huo."

"Odoyo si hivyo, shangazi. Haki ya Mungu si hivyo. Mpigie Tata umwambie."

"Neno langu limekwenda. Esigani akisema leo hapana na kesho ndiyo, nani atamtuma tena? Na kaka yangu unamjua."

"Basi nifanye nini?" Akaanza kulia waziwazi. "Nifanye nini sasa?"

"Wewe una mdomo."

"Mbele ya Tata? Nisimame mbele ya Tata nitaje jina la mwanamume?"

Hapo ndipo pagumu. Kwao binti hamtajii baba yake mambo hayo. Hupitia kwa nyanya, hupitia kwa shangazi, na baba hujifanya hajui mpaka wazee waketi. Hiyo ndiyo heshima, hata jina lake wanalo, chinsoni, na Mzee Makori aliishika kama anavyoshika kikapu cha majani ya chai.

"Kesho asubuhi tunaenda wote," shangazi akasema. "Na simu yako inabaki kwangu."

"Kwa nini? Sabato si imeisha?"

"Ukimpigia utamfundisha la kusema. Umeshamfundisha mara moja, umeona matokeo. Kesho akija na miwani yangu, nataka nisikie maneno yake mwenyewe."

Odoyo hajui kitu. Odoyo ameapa. Na akiahidi, Odoyo hushika ahadi kama kupe.

---

Mzee Makori alikuwa kwenye kiti chake, Mzee Ogeto pembeni na ile kofia yake ya manyoya gotini. Mama Bitutu alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyekuwa ameigusa chai.

"Tata, naomba kusema," Nyanchera akasema, macho chini.

"Sema na mama yako."

"Ni kwako, Tata."

Ogeto akakohoa. Mama Bitutu akaweka mkono mdomoni.

"Kijana anaitwa Odoyo. Shangazi alipomwuliza kama ananijua akasema hapana, na shangazi akaona ni mwongo. Uongo ni wangu, Tata. Mimi nilimwambia aseme hivyo. Nilijua kutakuwa na esigani nikaogopa kukuaibisha. Sasa nimekuaibisha zaidi. Kama kuna wa kukataliwa, unikatae mimi."

Mzee hakumtazama. Alitazama kalenda ya kiwanda cha chai ukutani.

"Kwa hiyo mwongo ni wewe."

"Ndiyo, Tata."

"Na yeye anabeba uongo anaobebeshwa. Kesho ukimwambia aibe, ataiba?"

Swali hilo lilimpiga Nyanchera mahali hakuwa amejikinga. Alikuwa amekuja kumwosha Odoyo, kumbe amempaka tope jingine.

Pikipiki ikanguruma mlangoni. Mbwa akabweka.

"Hodi wenyewe! Naulizia mama Tryphosa!"

Ilikuwa sauti ya Odoyo. Mzee Makori akainua kidole.

"Nyanchera, ingia jikoni. Vuta pazia. Ukikohoa hata mara moja, hili jambo limekwisha."

Akaingia. Akasimama nyuma ya pazia, bega kwa bega na mama yake, na vidole vikaanza kufunga fundo la tatu.

"Karibu, kijana."

"Asante, mzee. Shikamooni wazee. Sikai, nimemletea mama miwani yake tu."

"Kaa."

Akakaa. Kiti kikalia.

"Dada yangu amesema ulimpima vizuri," Mzee Makori akaanza. "Alikuja kwako na binti. Yule binti, wewe unamjua?"

Nyuma ya pazia Nyanchera alisikia saa ya ukutani, alisikia mbwa akijikuna. Sema, Odoyo. Nimekuruhusu, sema! Lakini atamruhusuje mtu asiyemwona? Akasali sala isiyo na maneno.

"Mzee," Odoyo akasema, "naomba maji."

Akaletewa. Akanywa yote.

"Ijumaa mama huyu aliniuliza swali hilo hilo, nikasema simjui. Tangu hapo sijalala. Hizi lenzi nimezikata mara tatu, mbili za kwanza zote zimeharibika mkononi."

"Sijauliza lenzi."

"Ndiyo, mzee. Kuna mtu nilimwahidi kwamba nitasema simjui mpaka aniruhusu. Hajaniruhusu. Simu yake tangu Ijumaa haipatikani. Kwa hiyo nikikujibu kweli, nimevunja ahadi yake, na sijui kama atanisamehe." Akavuta pumzi. "Namjua. Nilikosea kumkana, mama. Naomba radhi. Nilimwona anaogopa nikadhani kumpenda ni kuogopa pamoja naye. Ningemkatalia siku ile ile ziwani."

"Unamjua kama nani?"

"Kama mtu nataka kumwoa, mzee, ukikubali. Na usipokubali bado sitasema tena simjui."

"Maneno matamu hata redio inayo. Unamjuaje?"

"Omena hapendi, lakini akiwa mgeni anakula anamaliza. Wanafunzi wake akiwapigia kelele, jioni anajuta. Na akiogopa anafunga fundo kwenye kona ya leso. Kama yuko karibu na hapa sasa hivi, ameshafunga, na si moja."

Mzee Makori akageuza shingo kuelekea pazia.

"Nyanchera! Toka."

Akatoka, machozi yote usoni, leso mkononi. Odoyo akasimama wima kama amepigwa na stima. Ogeto akanyoosha shingo, akahesabu kwa kidole.

"Ni matatu," akatangaza.

Mzee alikaa hivyo, mkono kidevuni, mpaka chai ikapoa kabisa. Halafu akamgeukia dada yake.

"Tryphosa, vaa hiyo miwani."

Shangazi akaivaa.

"Soma pale kwenye kalenda. Yale madogo ya chini."

Shangazi akasoma yote, hadi namba ya simu ya mchapishaji.

"Ijumaa kabla ya kwenda kwake, ungeyasoma?"

"Yale? Hata kalenda nisingeiona, kaka."

"Kumbe mimi nilimtuma mtu asiyeona akaniangalilie boma!" Mzee akapiga goti lake. "Ogeto, neno la mtu asiyeona linahesabiwa?"

"Wapi!" Ogeto akasema. "Halihesabiwi hata kidogo."

"Basi mwezi wa kumi na mbili utaenda tena, dada yangu, ukiwa na macho yako. Uangalie vizuri. Na mtu asiseme Makori ameuliza mara ya pili. Nauliza mara ya kwanza."

Shangazi Tryphosa alikuwa amemgeukia Odoyo, amemkazia macho kupitia zile lenzi mpya, muda mrefu mpaka kijana akaanza kutokwa na jasho.

"Na siku hiyo nikikuuliza kitu, kijana..."

"Nitajibu, mama. Swali la kwanza tu."

Mama Bitutu akapiga kigelegele, kisha akakumbuka mumewe yuko, akakimeza katikati. Mzee akajifanya hakusikia.

---

Jioni Odoyo alipokuwa anaondoka, Nyanchera aliruhusiwa kumsindikiza mpaka mwisho wa shamba la chai. Mpaka hapo tu, na si hatua moja zaidi.

"Umenikasirikia?" Odoyo akauliza.

"Sana."

"Kwa sababu nimesema?"

"Kwa sababu uliomba maji kwanza. Nilikuwa nakufa pale nyuma ya pazia!"

"Koo lilikuwa limekauka, mwalimu. Hukumwona babako?"

Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. "Nisamehe, Odoyo. Nilikubebesha mzigo wangu."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Sasa ninaweza kukusalimia?"

Nyanchera akageuka nyuma. Baba yake alikuwa dirishani akijifanya anatazama mvua ambayo haikuwepo. Shangazi alikuwa mlangoni, ameshika fremu ya miwani kwa mikono miwili, anaona kila kitu.

"Nisalimie."

Odoyo akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Habari yako, dada. Unaitwa nani?"

"Nyanchera."

"Unaandikwaje?"

Akamchapa na leso. Halafu akaanza kufungua mafundo, moja, mawili. La tatu lilikuwa limekaza sana, akampa Odoyo alifungue.